Mabula Amekosa Nini?

Mvua ya kwanza ya kutosha kupandia ilipopiga hapa Kagongwa, usiku huo huo alizaliwa mtoto wa kiume katika nyumba moja iliyo nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Kulipokucha babu yake alifika kutoka kijijini kwa baiskeli, nguo zimelowa chepechepe, akasimama mlangoni akasema kwa furaha kwamba mjukuu amekuja na mvua, basi huyo ni Mabula. Wazazi walinyamaza. Siku ya tatu mzee akasikia kwa majirani kwamba mtoto anaitwa Brayton.

Mzee hakugombana na mwanawe. Alikuja ofisi ya tawi la Chama, akavua kofia, akakaa kwenye benchi pamoja na watu waliokuja kwa mambo ya kadi na ada, na zamu yake ilipofika akatuuliza neno moja tu: "Vijana wangu, Mabula amekosa nini?"

Twakiri kwamba tulicheka. Tulimwambia, "Guku, hayo ni mambo ya nyumbani. Chama hakiandiki majina ya watoto." Akashukuru, akavaa kofia yake, akaenda zake. Lakini tulipobaki wenyewe tuliona aibu, maana tulikuwa tumemjibu kama karani wa kikoloni anavyomjibu mtu asiye na barua. Mzee alikuwa ameuliza swali la kweli, nasi hatukuwa na jibu.

Wako watakaosema kwamba gazeti la Chama lina mambo makubwa zaidi ya kuandika: bei ya mpunga, mbolea, vijana walioachwa bila kazi mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021. Hayo tunayajua na hatutaacha kuyaandika. Hata hivyo twaomba leo mtuvumilie, kwa sababu swali la mzee yule linagusa jambo ambalo Chama hiki kilizaliwa kwa ajili yake, yaani mtu mweusi kujiona kuwa ni mtu.

Kwa faida ya wasomaji wasiotoka huku, yafaa kueleza kidogo. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi jina ni habari, iliyotunzwa kabla ya daftari kuletwa. Mbula ni mvua; mtoto wa kiume aliyezaliwa na mvua ni Mabula, wa kike ni Kabula. Nzala ni njaa, na msichana wa mwaka wa njaa ni Nyanzala. Makoye ni matatizo. Misoji ni machozi, na mwenye jina hilo pengine alizaliwa nyumbani kuna msiba. Mapacha hawana mjadala: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Ukikuta nyumba yenye Nyanzala na mdogo wake Mabula, umesoma miaka kadhaa ya hali ya hewa bila kufungua kitabu. Tena mwanamke akiolewa hapotezi jina la baba yake. Vijijini ataitwa Ng'wana Fulani, binti wa fulani, mpaka uzeeni, na hakuna mume anayeona kwamba amedharauliwa.

Wala si Wasukuma peke yao. Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922 alipewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Jina la Julius alilipata kwenye ubatizo mwaka 1943, akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na moja. Kwa hiyo yule tunayemwita Baba wa Taifa, kwa maana ya jina lake la kwanza, ni ndugu na Mabula wa Kagongwa. Na Mtemi Mirambo, aliyewatetemesha wafanya biashara wa Tabora mpaka alipofariki mwaka 1884, jina lake la awali lilikuwa Mbula Mtelya. Hilo la Mirambo ni la vita. Basi Mabula hawezi kusemwa kwamba hana ukoo mzuri.

Sasa fungueni daftari la mahudhurio la shule yoyote ya msingi ya mji huu. Mtoto huandikwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Safu ya tatu imejaa Masanja, Mabula, Shija, Masele, Ngasa, Mayunga. Safu ya pili ni mchanganyiko: Emmanuel, Juma, Masunga, Paulo, Joseph. Safu ya kwanza ni Brayton, Ivan, Gift, Careen, Precious, Prince, Junior. Fanyeni hesabu ndogo. Brayton Emmanuel Mabula akikua na kuoa, mwanawe ataandikwa Ethan Brayton Emmanuel. Mabula ameshatoka kwenye karatasi. Hakuna sheria iliyomfukuza, hakuna askari aliyemkamata. Amesukumwa safu moja kwa kila kizazi mpaka amefika ukingoni akaanguka. Ziko nyumba zilizolifunga jina la ukoo libaki pale pale mwishoni daima, nazo zimeokoa jina moja. Lakini jina moja lililokaa mahali pamoja halielezi tena mvua wala njaa ya mtu yeyote.

Tulipoliona hilo tulirudi kwa mzee tukamwomba radhi, kisha tukaenda kupiga hodi katika nyumba ile iliyo nyuma ya mashine.

Tulikwenda, twasema kweli, tukiwa tumejaza midomo hotuba. Tulikuwa tayari kumwambia yule mama kijana juu ya kasumba. Alitukaribisha vizuri, mtoto mgongoni, akatupa viti, akasikiliza yote. Kisha akatukumbusha jina lake yeye mwenyewe, ambalo kwa Kiswahili ni machozi. Alisema hivi: "Ndugu zangu, mimi nimebeba machozi tangu nizaliwe. Darasa la tatu mwalimu aliuliza maana ya majina yetu, nikasema, na tangu siku hiyo nikikosea hesabu darasa zima linaniuliza kama nalia. Mwanangu nataka asibebe kitu."

Tukasema mvua si machozi, mvua ni mpunga, na Kagongwa yote inakula kwa mpunga. Akacheka. "Shuleni hawatofautishi," akasema. "Jina la Kisukuma ni jina la Kisukuma. Wanacheka yote."

Hapo hotuba yetu iliishia. Tulirudi tukiwa tumefundishwa na mtu tuliyekwenda kumfundisha, na mawazo yanayofuata twayaandika kwa kumfuata yeye kuliko vitabu.

Kwanza, sisi wenyewe hatuna mikono safi. Tulipoingia chuo cha ualimu tuliandika kwenye jalada la daftari jina la ubatizo na jina la baba, na lile la kikwetu tukalifanya herufi moja yenye nukta. Mwenzetu mmoja aliyetoka mjini akauliza ile M ni ya nini. Tulimwambia ni ya Michael. Hakuna Mzungu aliyekuwa chumbani. Hakuna aliyetushurutisha. Ilikuwa miaka zaidi ya hamsini tangu bendera ya Mwingereza ishushwe, nasi tulikuwa tunajificha nyuma ya nukta. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuita majina asubuhi, na sisi tulikuwa tunaogopa la kwetu.

Tulijificha kwa sababu ile ile aliyoitaja mama yule. Katika vichekesho vya redio na televisheni, mtu wa kuchekwa akihitajika, mlinzi aliyelala, mshamba aliyeibiwa stendi, mchunga ng'ombe asiyejua ngazi ya umeme, hupewa jina la Kisukuma na matamshi ya Kisukuma. Mara moja ni mzaha. Mara elfu ni somo. Mtoto wa Kagongwa hujifunza somo hilo kabla hajajua kusoma, na akija kuwa mzazi hulitumia. Halafu tunashangaa.

Pili, kuna mambo ya karatasi, na haya yasidharauliwe. Majina yetu mengi yana Ng' na yana Ng'w. Baba hutamka Ng'wandu. Karani mmoja ataandika Mwandu, shule itaandika Ngwandu, na mashine ya ofisi nyingine itakula ile alama ya juu kabisa. Miaka kumi na nane baadaye kijana anaomba mkopo wa kusomea chuo kikuu, vyeti vyake vinataja watu watatu, na baba yake anatafuta nauli na fedha za hati ya kiapo. Mzazi aliyepita njia hiyo mara moja hamwiti mtoto wa pili Ng'wandu. Lakini twaomba ruhusa ya kucheka kidogo, maana hayo majina mapya nayo hayana nafuu. Katika shule moja tu tumeona Brayton, Braiton, Breiton na Briton, na wote ni jina moja. Na bibi zao, ambao Kisukuma chao hakina sauti ya R, huwaita Bulaitoni. Mtoto ana jina ambalo bibi yake hawezi kulitamka, wala wazazi wake hawakubaliani namna ya kuliandika.

Tatu, dini. Wazee wengi huamini kwamba ni Kanisa lililoyaua majina yetu, na kwa zamani wana haki. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilimtaka padri ahakikishe mtoto amepewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aliongezee mwenyewe jina la mtakatifu kwenye kitabu cha ubatizo. Ndipo tukapata akina Polikarpo, Skolastika, Bonifasi na Leokadia wa enzi zile. Lakini sheria hizo zilibadilishwa. Kanuni ya 855 ya mwaka 1983 yasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Mvua si ngeni kwa moyo wa Kikristo. Waislamu nao hufundishwa kumpa mtoto jina lenye maana njema, na wanavyuoni wengi husema si lazima liwe la Kiarabu. Kwa hiyo anayesema "dini imenikataza Mabula" aulize tena. Haya ya Brayton na Careen hayana mtakatifu wala nabii. Na wale akina Polikarpo, ambao walikuwa ndio usasa wenyewe, sasa ni majina ya babu, na wajukuu wao wanayakimbia vile vile.

Liko jambo jingine la makanisa ya siku hizi linalotusumbua zaidi. Yako mahubiri yasemayo kwamba jina ni mkosi: kwamba aitwaye Shida, Tabu, Mashaka au Masumbuko ataishi hivyo hivyo mpaka alibadili. Watu wamesimama mbele ya waumini wakavuliwa majina waliyopewa na mama zao na kuvishwa mengine. Sisi hatuamini kwamba Mungu anamsubiri mtu kwenye cheti cha kuzaliwa. Mheshimiwa Doto Mashaka Biteko, mbunge wa Bukombe, mkoani kwa jirani zetu wa Geita, mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu, na hiyo Mashaka haikumzuia mlangoni. Hayati Rais Magufuli, mwana wa Chato, alitembea na jina la Pombe tangu utotoni mpaka Ikulu na mpaka kaburini mwaka 2021. Watu wa pwani walicheka weee, mwisho wakachoka.

Lakini hapa twataka kusema haki, na wazee watusikilize. Si kila anayeacha jina ni mtumwa wa Wazungu. Wako walioacha majina kwa sababu walikuwa wamepata uhuru. Zamani za utumwa, bwana alimwita mtumwa wake alivyopenda: Feruzi, Mabruki, Faida, kama mtu anavyokiita kitu chake cha thamani. Bombay, mtu mashuhuri aliyepita nchi zetu hizi pamoja na Speke mwaka 1858 wakielekea Nyanza, alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni na kuuzwa India. Historia yamjua kwa jina la mji wa ng'ambo. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, watu wengi waliyatupa majina ya namna ile wakajipa mengine yasiyonuka minyororo. Nani atawalaumu? Walijua kwamba jina lile halikutolewa na mtu aliyewapenda. Yule mama wa nyuma ya mashine naye anakimbia maumivu, na mtu anayekimbia maumivu haitwi msaliti.

Tofauti ni hii, na hatukuiona mpaka tulipokaa kwenye kiti chake. Feruzi alipewa jina na aliyemmiliki. Yeye alipewa jina lake na watu waliokuwa wanalia, wakataka mtoto awe shahidi wa msiba wao. Jina hilo lilikuwa la upendo. Lililomchoma ni lile darasa la tatu.

Tumejaribu kuangalia wenzetu. Uingereza nako majina huchakaa. Arthur na Florence yalikuwa majina ya vikongwe katika miaka ya 1970. Leo yamo tena kati ya yale yanayopendwa sana kwa watoto wachanga. Huko jina huzeeka, hupumzika kizazi kimoja au viwili, kisha vitukuu hulitoa sandukuni na kulikung'uta vumbi. Kwa nini Arthur anarudi na Mabula harudi? Kwa sababu hakuna mtoto wa Kiingereza aliyewahi kudharauliwa kazini kwa kuitwa Arthur. Jina lake lilichoka tu, kama nguo ya mtindo wa zamani. Letu limevuliwa kwa matusi, na nguo iliyovuliwa kwa matusi hakuna anayeitafuta sandukuni. Hili ndilo jibu letu kwa mzee, tunalompa kwa kuchelewa: Mabula hakukosa kitu, wala hakuchakaa. Walidharauliwa waliokuwa wanaitwa Mabula.

Na ushahidi upo. Tazameni Kulwa na Doto. Majina hayo ni yetu hasa, hayana asili Ulaya wala Uarabuni, na bado yamevuka mipaka ya Usukuma; mapacha wa Dar es Salaam na wa Morogoro wanaitwa Kulwa na Doto na hakuna anayecheka. Kama kasoro ingekuwa katika sauti ya Kisukuma, hayo nayo yangekufa. Hayakufa kwa sababu mapacha hupendwa kila mahali, na jina likikutana na mtu anayependwa hupendeza.

Ndivyo ilivyokuwa na wakati wa Uhuru. Mwalimu mwenyewe ana mtoto aitwaye Madaraka. Huko Kenya, Mzee Kenyatta, aliyetolewa kizuizini mwezi wa Agosti mwaka 1961, alipata mtoto Oktoba ya mwaka huo huo akamwita Uhuru, naye alikuja kuwa Rais wa nchi. Majina hayo yalipendwa kwa kuwa watu walikuwa wanajipenda. Mwaka 1958, wakati TANU ilikuwa imenyimwa usajili huku Usukumani tangu 1954, watu wa Geita walilikataa baraza la mchanganyiko wa rangi walilowekewa na serikali ya kikoloni, wakaenda mpaka Mwanza kudai haki yao, wakatawanywa kwa moshi wa machozi. Katika kundi lile hapakuwa na Brayton hata mmoja. Walikuwa akina Mabula na akina Makoye, na Mwingereza hakuyaona majina yao kuwa ya kuchekesha siku ile.

Wapo wanachama wenye hasira ambao, wakisikia mambo haya, husema Chama kitunge sheria. Tuliwasikia hata kwenye kikao cha tawi. Twawaomba wawatazame jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1972 Mobutu, ambaye mpaka hapo alikuwa Joseph-Désiré, aliamuru kila raia wa Zaire aache jina la kigeni na achukue la Kiafrika, na padri atakayebatiza kwa jina la Kizungu akatishiwa kifungo. Watu walitii mbele za watu. Nyumbani waliendelea kuitana Marie na Joseph kwa sauti ya chini. Amri ilipolegezwa mwaka 1990, majina yale yalirudi siku moja kana kwamba hayakuwahi kusafiri. Mobutu alidhani jina ni kama kofia, kwamba polisi anaweza kukuvua moja na kukuvika nyingine. Na ubaya zaidi, aliyafanya majina ya mababu yanuke serikali. Sisi hatutaki mtoto wa Kagongwa aitwe Mabula kwa kuogopa katibu wa tawi.

Wala hatuna ugomvi na mtindo. Mtindo huja na kupita bila msaada wetu. Obama alipochaguliwa kule Marekani mwaka 2008, hospitali za Nyanza ya Kenya zilijaa Barack na Michelle. Na mwaka 2012 mama mmoja huko huko akajifungua mapacha akamwita mmoja Barack Obama na mwingine Mitt Romney, jambo ambalo twaliona kuwa la busara sana kisiasa. Hao watoto watakua, na majina yao yataonyesha mwaka waliozaliwa sawasawa na Nyanzala alivyoonyesha mwaka wake. Tofauti ni kwamba Nyanzala alionyesha njaa ya kwao, na hawa wanaonyesha uchaguzi wa watu wengine.

Basi tunachokiomba ni kidogo, na twakiomba kwanza kwa walimu wenzetu, maana ugonjwa ulianzia darasani. Mwalimu anapoita majina asubuhi, alitamke Ng'wandu kama baba yake anavyolitamka, na mtoto wa nyuma akicheka, amsimamishe huyo aliyecheka na si yule aliyeitwa. Akiwauliza watoto maana ya majina yao, aanze na la kwake. Makarani wa kata waandike kile mzazi anachosema, wamwonyeshe kabla ya kutia mhuri, na mzazi asiyejua kusoma asomewe herufi kwa herufi. Viongozi wa Chama wanaojitambulisha mikutanoni kwa herufi zenye nukta waache nukta. Sisi tumeanza kuacha ya kwetu, na mara ya kwanza sauti ilitetemeka.

Wazee nao wana lao. Siku hizi mtoto huzaliwa hospitali, muuguzi huuliza jina saa hiyo hiyo, na babu yuko kilomita thelathini anasubiri mvua ikatike ndipo apande baiskeli. Tena akifika huzungumza na mwanawe tu, kana kwamba mtoto hakuwa na mama. Mwanamke aliyembeba miezi tisa hujiona hakuulizwa, naye hujibu kwa njia anayoiweza, kwa jina alilolisikia kwenye tamthilia. Mzee wetu yule tulimweleza hivi kwa adabu. Alinyamaza muda mrefu, akachora chini kwa fimbo, kisha akauliza mkwewe anapenda jina gani katika majina ya kwao, upande wa mama. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Tulipomfikishia swali hilo, mama yule alifikiri kidogo akasema baba yake mzazi alikuwa mpiga ngoma, mtu aliyependwa na kijiji kizima, na jina lake alilipenda siku zote, ila alidhani watu wa kwa mumewe watalikataa. Jina lenyewe hatuliandiki hapa, kwa kuwa hawajamaliza kuzungumza.

Mpaka tunapopeleka makala hii kwa mhariri, mtoto ana wiki tano, ana afya, na anaitikia kila jina kwa kulia. Baba yake bado anamwita Brayton. Bibi bado anamwita Bulaitoni. Mzee anamwita Mabula kwa sauti kubwa zaidi ya wote. Mama anamwita "wewe." Cheti hakijaandikwa. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bure pale kituo cha afya na ofisi ya kata, kwa hiyo sababu ya kuchelewa si fedha. Baba amesema atakwenda Jumatano. Tumemwomba aende na mkewe na mzee, wote watatu, na mmoja wetu atakuwa pale na kalamu iwapo ya karani itakuwa imekauka.